Afande na Saa ya Kusomwa

Hakuna aliyemwita kwa jina. Pale chuoni Jinja, kuanzia mkuu wa chuo mpaka mama aliyetupikia chai, alikuwa Afande tu, na nadhani angeitwa kwa jina lake asingegeuka. Alikuwa amestaafu jeshi, kitengo cha mawasiliano, kabla sijamfahamu, lakini jeshi lenyewe halikuwa limemtoka. Viatu vyake viling'aa hata msimu wa mvua, wakati sisi tuliotoka Budondo tulifika kazini na tope jekundu mpaka kwenye vifundo. Alinitazama miguu, kisha uso, kisha miguu tena. "Wewe kijana ya Budondo," alisema, "hii shamba umekuja nayo, sasa utalima wapi hapa?"

Alinifundisha kompyuta kwanza, kisha nikaajiriwa, tukawa tunafundisha pamoja. Miaka yote ile hakuacha kuniita kijana, hata nilipoanza kuota mvi. Nilimpenda. Naliandika hilo mapema kwa sababu mengine nitakayoyasema huenda yakakufanya udhani vinginevyo.

Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kikavu, kisicho na mapambo. Hapa kwetu watu wakisikia Kiswahili cha namna ile mgongo hunyooka wenyewe. Wazee wanakumbuka enzi za wanajeshi na vizuizi vyao vya barabarani, na vijana wamerithi woga bila kujua umetoka wapi. Mama mmoja alimleta bintiye kujiandikisha, Afande akamsalimu kwa sauti yake ile, "Habari yako, mama! Kuja hapa!" Yule mama akatoa kitambulisho, akatoa risiti ya maji, akatoa na kadi ya kliniki, akaziweka zote mezani. Afande akamtazama kwa huzuni. Alikuwa amekusudia kumpa kiti tu.

Kujifunza Kisoga, lugha ya pale, alikataa. Alijua "mwebale" na "ssebo," yaani asante na bwana, na hayo mawili yalimtosha kwa sokoni, msibani na kanisani. Kanisani kwenyewe alichelewa kila Jumapili, yeye ambaye darasani alifunga mlango saa mbili kamili na asifungulie hata mtoto wa mkuu. Nilimuuliza siku moja. Akasema Mungu hana haraka, mtihani ndio una haraka.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: kitu cha mtu usikiguse. Kalamu iliyoachwa juu ya meza ingekaa pale mpaka ikauke. Ukishika kipanya cha kompyuta yake alikuambia ukiweke chini kama mtu anayemwambia mwenzake aweke bunduki chini. Lakini huyo huyo aliingia ofisi za watu bila kubisha hodi, akavuta kiti, akanywa chai iliyokuwa mbele ya mwenyewe huku akiongea. Hadija, karani wetu, ndiye pekee aliyeweza kumchokoza. "Afande," alisema, "hicho kikombe kina mwenyewe, au sheria ni yetu sisi tu raia?" Afande alicheka mpaka akakohoa, kisha akamaliza chai.

Hadija alikuwa mtoto wa Jinja mjini, Mwislamu, Kiswahili kimetulia kinywani mwake kuliko vinywa vyetu sote. Alikuwa anakaa na mama yake, mama mkali wa kizamani, anayetaka bintiye arudi nyumbani kabla ya magharibi na ambaye alijivuna mtaa mzima kwamba mwanawe ana ufunguo wa ofisi ya mkuu. Pale chuoni Hadija ndiye aliyepiga chapa mitihani, akaihifadhi, akaichapisha. Afande alimheshimu. Alisema ni mtu pekee katika jengo lile anayezima kompyuta kama binadamu.

Kuna jambo lingine kumhusu Afande ambalo sisi wakati ule tuliliona kichekesho. Hakusema uongo. Alijisifia hivyo na ilikuwa kweli. Lakini alikuwa na namna ya kukupimia kweli, akakupa kiasi anachotaka yeye. Mwalimu mmoja alikuwa na mazoea ya kutoroka, na mkuu akamuuliza Afande kama leo mwalimu yule amefika. "Mimi nimemwona kwa geti saa mbili," akajibu Afande. Mkuu akaridhika. Afande alikuwa amemwona getini kweli, akitoka. Tulicheka wiki nzima, naye akakunja uso akituambia hajaona cha kucheka, kwa kuwa hakusema uongo hata kidogo.

Somo lake lenyewe lazima nilieleze, maana bila hilo habari yake haisimami. Alitufundisha kwamba kila faili ndani ya kompyuta hutembea na saa tatu: saa ya kuzaliwa, saa ya kubadilishwa, na saa ya kusomwa. Hiyo ya tatu huandikwa faili linapofunguliwa na kusomwa, hata kama hakuna herufi iliyoguswa. "Hii mbili ya kwanza ni watu wazima," alisema. "Hii ya tatu ni mtoto. Mtu yeyote nagusa, hata bila nia mbaya, yeye nalia. Usimwamini sana." Kompyuta nyingi hata huja saa hiyo ikiwa imezimwa, kwa sababu kuiandika kila mara kunachelewesha kazi. Afande aliiwasha kwenye kompyuta zote za ofisi. Usimwamini sana, alisema, lakini alitaka kumsikia akilia.

Kisha alitufundisha draiva. Wanafunzi walikuwa wakidhani ni mtu wa gari. Draiva, alieleza, ni programu ndogo inayokaa chini kabisa, mahali mtumiaji hafiki, ikipeleka maneno kati ya mfumo mkuu na vifaa kama diski. Nyingine hukaa kwenye njia ya mafaili, na kila faili linalofunguliwa au kufungwa lazima lipite mbele yake, kama wanavyopita watu mbele ya askari wa geti. Sasa draiva kama hiyo nayo inaweza kutaka kulisoma faili kwa shughuli zake, labda ilinakili mahali pa akiba. Ikisoma tu hivi hivi, mfumo utaandika kuwa faili limesomwa saa hiyo, na atakayekuja kuangalia hataweza kujua kama ni mtu aliyesoma au ni draiva.

Kuna dawa yake. Kabla ya kusoma, draiva huuambia mfumo habari za saa zile, na mahali pa saa ya kusomwa huweka hasi moja. Hasi moja maana yake ni hii: kwa kazi yote nitakayofanya kwenye faili hili nililofungua, saa hii usiiguse. Ukiweka sifuri hujazuia chochote. Umesema tu kwamba huna saa mpya ya kuandika, na mfumo utaendelea na desturi yake.

"Sifuri ni mtu amenyamaza," Afande alisema, akigonga ubao. "Hasi moja ni mtu amekataza. Kunyamaza na kukataza si kitu moja. Andika."

Tuliandika. Naikumbuka sauti ya chaki mpaka leo.

Yeye mwenyewe alikuwa ametengeneza draiva. Hilo ndilo lililokuwa fahari ya maisha yake ya uraiani. Umeme wa Jinja unakatika pamoja na bwawa lote lile la umeme tunaloliona kwa macho, na chuo kilikuwa kimepoteza kazi nyingi kwa diski kufa ghafla. Afande akakaa miezi, akaandika draiva yake, ikawa inatazama mafaili ya ofisi na kila lililobadilishwa inalinakili kwenye diski ya pili. Umeme ukikatika kabla haijamaliza, inangoja. Kompyuta ikiwashwa tena, inaendelea na kiporo chake kimya kimya. Mkuu wa chuo aliitangaza kwenye kila mkutano. Kulikuwa na wageni waliotarajiwa kutoka vyuo vingine, waje waione, na ikiwapendeza waichukue. Afande alinunua suti. Sikuwahi kumwona na suti kabla ya hapo, na ilimkaa vibaya, na sote tulimwambia imempendeza.

Wiki ile ya wageni ndiyo mtihani ulipovuja. Wanafunzi walikuwa na maswali yote mikononi, yamepigwa picha kwa simu, na wengine walishajua majibu. Mkuu akapandwa na hasira, akataka mtu. Faili la mtihani lilikuwa kwenye kompyuta ya Hadija. Ukiangalia saa yake ya kubadilishwa, ni Ijumaa, siku alipomaliza kulipiga chapa, na umeme ukakatika hapo hapo. Ukiangalia saa ya kusomwa, ni Jumamosi, saa moja jioni.

Jumamosi ile umeme haukuwapo mchana kutwa. Hadija alikuwa amekuja ofisini kuchapisha ratiba, akangoja umeme, ukarudi kunako magharibi, akawasha kompyuta, akachapisha ratiba, akazima, akakimbilia nyumbani kwa mama yake. Mlinzi alimwona akiingia na kutoka, peke yake. Yeye mwenyewe hakukana kwamba alikuwapo. Alichokana ni kufungua faili la mtihani.

Mkuu akaitisha kikao, nasi walimu tukaketi ukutani. Hadija alisimama katikati na shela yake ya kijani. Mkuu akamgeukia Afande.

"Afande, wewe ndiye unajua haya mambo. Hii fairi ilifunguliwa ama haikufunguliwa?"

Afande akasimama wima. "Mheshimiwa, faili ilisomwa siku ya Jumamosi, saa moja jioni. Hivyo ndiyo mashine nasema."

"Na ofisini alikuwa nani?"

"Hiyo mlinzi amesema tayari."

Akaketi. Hadija alimtazama akasema, "Afande, mimi sikufungua. Wallahi sikufungua. Wewe unanijua." Afande akatazama viatu vyake. Mimi nilidhani anaona uchungu kwa sababu amelazimika kusema kweli dhidi ya mtu anayempenda. Nilimhurumia yeye, hebu fikiri, na hasira ya kufikiri hivyo haijanitoka.

Hadija akamwaga unga siku hiyo hiyo. Hakupelekwa polisi, mkuu aliona amemfanyia hisani, lakini habari ilifika mtaani kwao kabla yeye hajafika. Tulisikia mama yake alimfungia mlango, akalala kwa jirani, na kabla mwezi haujaisha akahamia Mbale kwa shangazi. Wageni wakaja, wakaiona draiva, wakaipigia makofi. Afande alivaa ile suti.

Baada ya hapo alibadilika, na kila mtu alikuwa na sababu yake ya kueleza. Wengine walisema ni uzee, wengine ni sukari. Lile somo la saa tatu alinipa mimi nilifundishe, akasema koo linamsumbua. Akaacha kuingia ofisi za watu. Chai akaleta yake kwenye chupa. Siku moja mwanafunzi alimwita shujaa wa chuo, akamtoa darasani, akamwambia asirudi wiki nzima, na hakutaka kueleza kosa. Mwishowe akaacha kazi, akahamia Mbale kwa binti yake mwalimu, sehemu za Nkoma, akawa mzee wa kukaa barazani na redio. Nilisikitika alipoondoka. Chuo kilibaki na kelele zake zote zimetoka, na nilikuwa sijui kama nilizipenda kiasi kile.

Mwaka jana alinipigia simu. Hakusalimu.

"Kijana, ile draiva yangu ilikuwa na makosa."

"Draiva gani, Afande?"

"Iko ngapi? Ile ya Jinja. Nilikuwa nimeweka sifuri."

Nilikuwa nasahihisha mitihani, kalamu ikanitoka mkononi. Hakuhitaji kuendelea. Jumamosi ile Hadija alipowasha kompyuta ili achapishe ratiba, draiva iliamka, ikaona faili la mtihani la Ijumaa halijanakiliwa, ikalisoma ili ilinakili. Mfumo haukuwa umekatazwa, nao ukaandika saa. Hakukuwa na mtu aliyelifungua faili lile. Mtihani ulikuwa umevujia mahali pengine, kwa mtu ambaye mpaka leo hatumjui.

"Hadija yuko hapa Mbale," Afande akasema. "Namakwekwe. Ana kibanda ya kopi. Mimi nimepita pale mara mingi sana. Sijaingia."

Nikamuuliza kwa nini ananiambia mimi. Nikasikia akiizima redio. "Kwa sababu wewe utanisukuma," akasema. Nami nikamsukuma. Nilimwambia nakuja Jumamosi, avae, twende. Niliona ni jambo jema, mzee amegundua kosa lake la zamani na anataka kulisafisha kabla hajafa. Nilifurahi hata, nikiwa safarini kuelekea Mbale. Nilijiona nimebeba habari njema.

Tulikwenda kwa boda boda mbili. Namakwekwe mchana ule ilikuwa imejaa watu, mkaa, ndizi, nguo za mitumba zimeanikwa mpaka barabarani. Kibanda cha Hadija kilikuwa katikati ya duka la simu na fundi cherehani: mashine ya kopi, kompyuta moja, kiti cha wateja. Alikuwa amenenepa kidogo, na miwani. Alimtambua Afande kabla Afande hajashuka kwenye boda.

"Afande! Karibu, mzee wangu! Na Mwalimu pia! Leo jua limetoka wapi?"

Alituletea viti, akaagiza chai, akauliza habari za Jinja, nani kafa, nani kaoa. Kisha akanigeukia mimi na kumwonyesha Afande kwa kidole gumba. "Mwalimu, huyu mzee simlaumu. Siku ile wote mlikuwa mnanitazama kama mwizi. Yeye hakuniita mwizi. Alisema tu kile mashine imesema, akakaa. Mtu mwingine angetia chumvi. Mara nyingi nimemwombea."

Nilitamani kumshika Afande mkono, nimwambie twende, tutakuja siku nyingine. Lakini alikuwa ameshaanza. Aliongea akitazama mashine ya kopi, kwa Kiswahili chake kile kile kikavu. Alimweleza draiva. Alimweleza sifuri na hasi moja. Hadija alikuwa karani hodari, si mtu wa programu, na mengi yalimpita, nikamsaidia mahali pawili kwa Kisoga. Mwishoni Afande akasema wazi.

"Mama, ile faili wewe hukufungua. Ilifunguliwa na kitu yangu. Mimi ndiye."

Hadija akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shela. Hakulia. Uso wake ulifunguka hata, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na mimi nikashusha pumzi.

"Alhamdulillahi," akasema taratibu. "Basi hata mashine ilijua mimi sikufanya. Pole, mzee wangu. Umeteseka na hili. Kosa ni la kila binadamu." Akavaa miwani. Akataka kuongeza chai, akasita na birika mkononi. "Na wewe uligundua lini, Afande? Mwaka huu?"

Mimi nilikuwa tayari na jibu. Nilikuwa nimelisema moyoni njia nzima: mwaka huu huu, alipokuwa akipekua kazi zake za zamani. Sikuwa nimemuuliza. Haikuwahi kunijia kumuuliza.

Fundi wa jirani alikuwa anakanyaga cherehani, ikasimama, ikaanza tena.

"Asubuhi ya kikao," akasema. "Nilienda kutazama ile saa ili niseme sawasawa. Nikafungua kazi yangu. Nikaona sifuri."

"Kabla ya kikao."

"Kabla."

"Ukaingia."

"Nikaingia. Sikusema uongo, Hadija." Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina uso kwa uso. "Wageni walikuwa nakuja. Nilisema nitarekebisha, halafu baadaye nitaongea na mkuu. Nilirekebisha mchana ile ile. Kuongea ndiyo sikuongea."

Nilimtazama mtu niliyemjua zaidi ya nusu ya umri wangu na nikaona simjui, na nikaona pia kwamba namjua kabisa. Hadija akalirudisha birika juu ya jiko, taratibu, likakaa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameingia, amesimama mlangoni na kitambulisho mkononi, akingoja wakubwa wamalize mazungumzo.

"Mama yangu aliugua miaka mitatu," Hadija akamwambia Afande. "Nilikuwa natuma watu wamwombe nije nimwone. Alikataa. Alisema hataki mwizi amfunge macho. Alikufa hivyo."



Hadija akainuka, akakizunguka kiti chake, akanyoosha mkono kwa yule mama aliyekuwa mlangoni.

"Karibu, nyabo," akasema. "Kopi ngapi?"